Sakafu ya Mama Mkwe

Mbamba Bay,
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naitanguliza shikamoo kwa sababu najua Beno akifungua tu barua hii utamkatiza uulize, "Amesalimia?" Nimesalimia, mama. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Mkumbi? Kikohozi cha baba mdogo kimepungua? Sisi huku tu wazima. Wajukuu zako wameungua na jua la ziwani na wamejifunza Kinyasa hata nikiwasemesha Kimatengo wananitazama kama mgeni, lakini wanakula na wanalala vizuri. Mimi pia mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii, na ndiyo maana barua hii itakuwa ndefu. Beno mdogo wangu, ukichoka kusoma kunywa maji, halafu uendelee. Usiruke.

Barua yako nilipewa na dereva wa lori la wale wanunuzi binafsi wanaobeba kahawa huko juu na kushuka huku kutafuta dagaa. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Unasema nirudi nyumbani. Unasema mwanamke hawezi kukaa miaka kwenye nyumba ya watu na mwenye nyumba hayupo, na kwamba ile mibuni ya marehemu baba kule bondeni inanisubiri, maana siku hizi kahawa inanunuliwa na yeyote mwenye mzani na gari. Unasema Beno yuko tayari kuja kunichukua. Sikukujibu mapema, na haikuwa jeuri. Nilikuwa nimebomoa nyumba, mama. Mtu aliyebomoa nyumba hana pa kukaa aandike.

Nyumba yenyewe unaifahamu. Ulipokuja kwenye harusi yangu walikukalisha sebuleni, ukashika kiti kwa mikono miwili, ukaniuliza kwa Kimatengo, watu wasisikie, kama hii ni nyumba au mtumbwi. Babu yake Otmari alikuwa seremala wa misheni, naye alitaka nyumba kama ya mapadri: imeinuliwa juu ya nguzo za mawe, chini sakafu ya mbao. Enzi zake labda ilikuwa fahari. Mimi niliikuta imezeeka. Ukikanyaga mlangoni, vikombe vilivyoko kabatini upande wa pili vinagongana. Katikati ya sebule palikuwa na bonde, dirishani pamevimba, na ukipita haraka sakafu ilinesa ikakurusha mbele kabla hujataka kwenda. Wenyeji walishazoea. Walikuwa na njia zao humo ndani, hapa unakanyaga, hapa unaruka, kama watu wanaovuka mto.

Otmari naye ulishasikia habari zake. Walipompunguza kazi kwenye ghala la ushirika alikaa hapa akiranda, mara mlangoni, mara ufukweni, hata mimi nikawa siwezi kukaa chini nikatulia. Halafu akavuka kwenda upande wa Malawi kutafuta biashara ya mitumba. Alisema mambo ya soko huria yanamtaka mtu mwenye miguu. Akatuacha mimi, watoto, na mama yake.

Sasa, mama mkwe alianguka. Ilikuwa asubuhi, ametoka chumbani kwake na beseni la maji ya kunawa. Nilisikia mbao ikilia, kisha kelele, nikakimbia kutoka jikoni. Mguu wake wa kulia ulikuwa umezama sakafuni mpaka juu ya goti, na yeye amekaa, maji yamemlowanisha, ananitazama. Hatukuweza kumvuta, maana mbao iliyovunjika ilikuwa inamchoma. Ilibidi tumwite fundi Yustasi, yule jirani anayetengeneza milango na mitumbwi, aje na msumeno akate kumzunguka. Mama mkwe alikuwa anamwambia, "Polepole baba, huo ni mguu, si ubao."

Hospitali ya misheni walisema haukuvunjika. Ulikuwa umeteguka na kuchanika. Walimshona, wakamfunga, na baada ya muda daktari akasema kidonda kimepona, sasa bibi atembee kila siku la sivyo mguu utakauka. Tukamrudisha nyumbani. Nikamshika mkono. Akatoa miguu kitandani, akagusa sakafu kwa kidole, ikanesa, akarudisha miguu kitandani.

"Mama, daktari amesema utembee."

"Nitembee wapi?"

"Hapa hapa chumbani, mpaka mlangoni."

"Huyo daktari aje atembee yeye."

Mama, unamjua yule mwanamke. Alikuwa anabeba ndoo ya usipa, hawa dagaa wa ziwani, kichwani kutoka ufukweni huku anagombana na watu watatu. Akaacha kushuka kitandani kabisa. Nikawa namlisha pale, namwogesha pale. Kila asubuhi niliona paja lake limepungua. Nilielewa kwamba mguu umepona na bado mtu atafia kitandani kwa sababu ya mbao. Jambo hilo lilinitia wazimu. Nilikuwa nikitoka nje nazunguka nyumba, nachungulia chini kati ya zile nguzo, giza tupu na harufu ya popo, narudi ndani, natoka tena.

Siku moja nikamwita Yustasi, nikamwambia atoboe mbao mbili atazame. Akaingia chini kwa tumbo na tochi. Alipotoka alikuwa na kipande cha boriti mkononi. Akakibonyeza kikasagika kama keki.

"Mbao za juu hazina kosa kubwa," akasema. "Zimelalia maiti."

Akanieleza. Boriti zote zinazobeba sakafu zimeliwa na mchwa, na pale zinapokaa juu ya nguzo zimeoza kwa maji ya mvua. Nguzo mbili zimetitia. Baba mkwe, Mungu amrehemu, miaka yake alipoona sakafu inabonyea alipigilia mbao mpya juu ya zile za zamani, na chini akasukumizia mawe na makopo. Kwa hiyo tulikuwa tunatembea juu ya sakafu mbili, mbovu juu ya mbovu zaidi. Kuziba tundu moja hakuna maana, Yustasi akasema. Ni kung'oa yote mpaka udongoni na kuanza na nguzo.

"Na mwenye nyumba anasemaje?" akaniuliza.

Nikamwambia mwenye nyumba yuko kitandani. Tukaingia kumwuliza. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani. Nilidhani amekataa. Kumbe alikuwa analia. Akasema mumewe alizipigilia zile mbao kwa mikono yake, na yeye wanawe wote aliwazalia juu yake. Kisha akajifuta uso akasema, "Haya. Ng'oeni. Ila mniondoe kwanza humu, nisisikie."

Tulimhamishia jikoni nje, kitanda na kila kitu. Usiniulize mbao nilizipataje. Niliuza mahindi yangu na niliuza baiskeli ya Otmari. Mbao za mninga niliagiza kutoka upande wa Litumbandyosi kwa lori lile lile la wanunuzi. Majirani walikuja kusimama kivulini wakitazama. Mmoja alisema kwa sauti ili nisikie, kwamba mke wa Otmari amechoka kungoja, sasa anaibomoa nyumba ya mume aondoke na mabati. Mwingine akauliza kama kwetu Umatengo ndivyo tunavyofanya. Nilimjibu kwamba kwetu tunakaa juu ya ardhi, haitikisiki, hivyo sina uzoefu. Walicheka, lakini sikuwa nacheka. Nilijua Otmari akirudi akakataa, sina neno la kusema. Sikumwomba ruhusa. Na nitamwombea wapi?

Tuling'oa. Vumbi, misumari yenye kutu, viota vya panya, mchwa waliojenga minara mpaka chini ya kitanda changu. Nyumba ikabaki kuta na paa, na katikati shimo, nguzo za mawe zimesimama kama meno. Ndipo mvua ikaanza. Lori likakwama matopeni huko milimani, na hakuna aliyejua litashuka lini. Mama, sijawahi kuhangaika vile. Tulikuwa tunalala jikoni wote, watoto miguuni pa mama mkwe, moshi machoni. Kuku wa jirani wakahamia ndani ya nyumba yangu. Mbuzi pia. Kila nikisikia mngurumo nilitoka barabarani. Kila nikirudi mama mkwe ananitazama bila kuuliza, na hilo kutokuuliza lilikuwa baya kuliko kuuliza. Nilianza kufikiri watu wamesema kweli, nimeharibu nyumba ambayo angalau ilikuwa inakalika. Barua yako ilifika wakati huo huo, dereva mwingine wa wale wanunuzi, aliyewahi kupita kabla ya matope, ameileta. Hebu fikiri nilivyoisoma. Nilifunga nguo za watoto kwenye mfuko. Jioni nikazifungua kwa sababu walikuwa hawana za kubadili.

Siku mbao zilipofika zimelowa nilizipapasa kama ng'ombe aliyepotea akarudi.

Yustasi alizijenga upya zile nguzo zilizotitia, kwa mawe na saruji, na juu ya kila nguzo akaweka kipande cha bati kilichokunjwa kingo ili mchwa asipande. Akasawazisha kwa mpira wa maji, ule wa kuona ndani: mimi nashika ncha moja kona hii, yeye ncha nyingine kona ile, maji yakilingana anapiga alama. Boriti mpya tulizipaka oili chafu ya gari mpaka mikono yangu ikawa ya makanika. Alizipanga karibu karibu kuliko zilivyokuwa za babu.

Boriti zilikuwa zimekaa, mbao bado, siku Otmari alipotokea.

Nilikuwa ndani, nimesimama chini kwenye udongo kati ya boriti, zinanifika kiunoni. Nikasikia "Hodi!" Nikainua uso. Amesimama mlangoni, koti jipya, begi begani, mguu mmoja ameuinua, amekosa mahali pa kuuweka.

"Karibu," nikasema. Nilisema kwa mazoea tu.

"Nikaribie wapi? Kandida, umeifanya nini nyumba ya baba?"

"Nimeitoa sakafu."

"Naona. Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mguu wa mama yako."

Hakuwa na habari za kuanguka, mama. Barua nilizompelekea hazikumkuta, anahama hama. Nilimweleza palepale, yeye juu mimi chini. Akashika boriti, akaitikisa. Akauliza fedha nilipata wapi, akauliza baiskeli yake iko wapi. Nikamwambia, "Ndiyo hiyo uliyoishika." Akacheka, mama. Otmari anapocheka ndipo napotea, wewe unajua, uliniambia hivyo tangu mwanzo.

Lakini alikuwa na lake. Tulipokwenda jikoni kumwona mama yake, alimpigia magoti, akambusu mikono, halafu akasema amepata chumba upande wa pili na biashara inakwenda. Yuko mfanyabiashara anayetafuta nyumba hapa ufukweni ageuze ghala la dagaa. Tumwachie hii, tuhame sote, mimi, watoto na mama.

"Mimi nimelala jikoni nangoja sakafu," mama mkwe akasema, "na wewe unaniletea habari za ghala?"

"Mama, maisha yamebadilika. Huku mtakaa mkitazama maji."

"Nimeyatazama tangu sijakuzaa. Kamata nyundo umsaidie fundi. Nikisimama kwa miguu yangu ndipo useme habari za kuhama."

Akakamata nyundo kweli. Siku zile za kwanza, mama, sitasema uongo, nilifurahi. Tulipigilia mbao za chini, zile za kulalia, ambazo Yustasi alizilaza kwa kukingama ili zifungane na boriti. Mchana tulikuwa tunakaa ukingoni, mahali mbao zilipoishia, miguu inaning'inia ndani ya nyumba yetu wenyewe, tunakula ugali wa mihogo na usipa. Otmari ananisimulia watu wa huko, anaiga sauti zao. Nilijiambia, basi amefika. Lakini nikaona anachofanya. Anaanza mstari wa mbao asubuhi, jua likipanda anaweka nyundo chini anakwenda ufukweni "mara moja." Anauliza kila mtu meli itafika lini. Akirudi anasikiliza redio amesimama. Watoto walikuwa wakimfuata kwa macho tu, hata binti yetu Agneta akaacha kumwuliza anakwenda wapi.

Meli ikaja kabla mbao za juu hazijakwisha. Alinishika mabega akaniambia, "Malizeni. Ikirudi tena muwe tayari, mizigo imefungwa. Nitakuja nayo niwachukue." Akaondoka na begi lake.

Tukamaliza, mimi na Yustasi. Aliranda mbao za juu mpaka zikawa laini kama meza ya sakristia. Tukamwingiza mama mkwe kwa kumbeba na kitanda chake, tukakiweka mahali pake. Nikatandika. Nikatoka nikaenda kufua, maana sikutaka kumlazimisha na sikuweza kusimama pale nikangoja.

Nikiwa nafua nikasikia fimbo. Ko. Ko. Nikaacha nguo kwenye povu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anagonga sakafu, anasikiliza. Akakanyaga kwa kisigino. Akakanyaga tena kwa nguvu.

"Haisemi," akaniambia.

"Haisemi, mama."

Akasimama. Nikataka kumshika, akanisukuma mkono. Miguu ilikuwa inatetemeka, jasho linamtoka, akashika ukuta, akapita mlango, akavuka sebule yote mpaka dirishani kwa nyuma, mahali ambapo tangu nimeolewa sijamwona akisimama kwa sababu pale ndipo palipovimba. Akafungua dirisha. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuwatukana mbuzi wa jirani. Nilikaa chini sakafuni nikalia kwa sauti. Naye akanicheka.

Tangu siku hiyo anatembea. Anachechemea, lakini anatembea. Na hapo ndipo taabu yangu ikaanza upya, mama. Siku moja tunachambua maharage akaniambia, "Mwanangu, mimi sasa nasimama. Usikae hapa kwa ajili ya mguu wangu. Ukitaka kumfuata mumeo, mfuate. Ukitaka kwa mama yako, nenda, nitakufungia chakula cha njiani. Sitakusema vibaya kwa mtu." Alisema kwa upendo, lakini nilikasirika kama amenifukuza. Muda wote nikiulizwa mbona nipo, nilikuwa na jibu: mama anaumwa. Sasa sina. Kila nikitazama milima nakuona wewe unachuma buni peke yako. Kila nikitazama maji namwona yule mwenye koti jipya. Nikawa nafagia sakafu safi. Nikimaliza nafagia tena.

Meli imekuja Alhamisi hii iliyopita. Nilikwenda ufukweni na watoto, mikono mitupu. Otmari akashuka na mtumbwi wa abiria, akatutazama, akatazama nyuma yetu.

"Mizigo iko wapi?"

"Iko nyumbani. Njoo uone sakafu."

"Kandida, meli haikai."

"Njoo uone tu."

Akaja, anatembea haraka. Mlangoni akavua viatu, hakuna aliyemwambia. Akaingia. Akaenda kona hii, akaenda kona ile. Halafu akaruka, mama, mtu mzima, akaruka juu akatua kwa miguu miwili katikati ya sebule, pale palipokuwa na bonde. Hakuna kikombe kilicholia. Mama mkwe alikuwa kitini anamtazama. Otmari akasimama pale pale. Akasema, "Imekaa vizuri."

Nikamwambia, "Otmari, hapa simwachii mtu aweke dagaa wake. Chumba chetu kipo, watoto wapo. Ukiwa na safari zako, safiri. Ukitaka kukaa, kaa. Mimi sifungi mizigo."

Hakunigombeza. Alikaa kwenye sakafu, akawapakata watoto, akala. Meli ikapiga honi. Niliona shingo yake inageuka kabla yeye mwenyewe hajajua. Akavaa viatu, akamuaga mama yake, akanishika mkono muda mrefu. Akaenda. Sikumwita.

Mama mkwe akauliza kutoka kwenye kiti, "Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Amekwambia atarudi?"

"Hakusema."

"Basi lete maharage tuchambue."

Kwa hiyo mama, jibu lako ni hili. Beno asije kunichukua. Nina nyumba, na hii si ya kungojea mtu. Nimeijenga tangu chini na najua kila boriti ilipo. Msimu wa kuchuma nitapanda huko na watoto nikusaidie mpaka buni zianikwe. Mama mkwe anasema atakuja pia, eti anataka kuona hiyo kahawa ambayo watu wanaiimbia na hawainywi. Anaogopa baridi, utafute blanketi zito. Baada ya hapo tutarudi huku. Najua hukutaka kusikia hivyo. Hata mimi bado naamka asubuhi sijui kama nimefanya vyema, natoka nje natazama huku na huku, halafu narudi ndani kuwasha moto.

Nisalimie baba mdogo, aache sigara. Nisalimie shangazi wa Namswea, mwambie kanga niliipata na naivaa kanisani. Nisalimie bibi aliyenilea, umsemeshe karibu na sikio. Mwalimu wa kwaya mwambie huku wananiweka sauti ya pili. Majirani wote walioniuliza habari, wape habari utakazoona zinawafaa, nyingine bakia nazo wewe.

Beno, pale niliposema usije, msomee mama mara ya pili, polepole, na umshike mkono.

Mimi mwanao nikupendaye,
Kandida